Kabla ya Kuchomeka Plagi: Majibu kwa Wanaopiga Kambi na RV

Barua za msimu huu zimetoka karibu zote kwa wasomaji wanaoishi Marekani, na karibu zote zinahusu RV, ile nyumba ya magurudumu yenye injini yake au ya kukokotwa na gari, na kambi za hifadhi za majimbo. Vipimo tumeviacha vya huko huko (futi, galoni, pauni) kwa kuwa ndivyo utakavyovikuta kwenye stika ya mlango na kwenye bango la kiwanja.

Tumekodi RV ya futi 31 kwa wiki moja. Kiwanja tunachokitaka kimeandikwa mwisho futi 30. Futi moja tu si kitu, au vipi?
*Msomaji, Minneapolis, Minnesota*

Kwanza ulizeni hiyo 31 imetoka wapi. Namba inayobandikwa ubavuni mwa RV mara nyingi ni jina la modeli, si urefu wake. Trela yenye "28" kwenye jina inaweza kufika futi 32 ukijumlisha ulimi wake, yaani chuma cha mbele kinachoshikana na gari. Pimeni kwa utepe, kuanzia ncha ya mbele kabisa hadi kitu cha mwisho nyuma, iwe ni ngazi, tairi la akiba au kibebeo cha baiskeli. Kisha ulizeni hifadhi inahesabuje: kuna zinazopima RV peke yake, na kuna zinazojumlisha gari linaloikokota.

Ufupi wa viwanja una historia. Hifadhi nyingi za majimbo zilijengwa na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa kuwapa vijana kazi, kati ya 1933 na 1942, wakati watu walilala kwenye mahema na trela zilikuwa vibanda vidogo. Barabara za ndani zilipitishwa katikati ya miti, na miti hiyo sasa imenenepa. Kwa hiyo kikomo cha futi 30 huenda hakihusu kiwanja chenyewe bali kona iliyo kabla yake, mahali ambapo mkia wa RV hupepea nje na kukutana na mti. Pigeni simu ofisi ya hifadhi hiyo hasa, si kituo cha kuweka nafasi, muulize swali moja: kikomo ni cha kiwanja au cha njia? Kama ni cha kiwanja, na nyuma ya kizuizi cha magurudumu hakuna mti wala mtaro, wanaweza kuwakubalia. Kama ni cha njia, tafuteni kiwanja kingine.

Mkichagua, chukueni kilicho upande wa kushoto wa njia. Dereva hukaa kushoto, kwa hiyo akirudi nyuma kuelekea upande wake anaiona kona ya RV kupitia dirisha lake. Upande wa kulia anaegemea vioo na bahati. Mtu mmoja asimame nyuma akielekeza, na kanuni iwe hii: dereva asipomwona kwenye kioo, anasimama papo hapo. Andikeni pia kimo cha RV kwa futi na inchi kwenye karatasi mbele ya usukani, pamoja na kiyoyozi cha juu ya paa. Wenye magari ya kukodi ndio husahau hilo, kwa kuwa jana waliendesha gari dogo.

Kuhusu kuweka nafasi, kwenu Minnesota dirisha la kuomba hufunguka siku 120 kabla ya siku ya kufika. Texas ni miezi 5. California ni miezi 6, saa 2 asubuhi kwa saa za Pasifiki. Florida huwapa wakazi wake miezi 11 na wageni miezi 10. Wikiendi za kiangazi huisha asubuhi hiyo hiyo. Mliokosa, angalieni tena siku chache kabla ya safari, maana walioghairi hurudisha viwanja wakati huo.

Kila nikiwasha maikrowevu huku kiyoyozi kinafanya kazi, umeme unakatika. Jirani ananiambia ninunue adapta ya ampea 50 nipate nguvu zaidi. Ni kweli?
*Msomaji, Houston, Texas*

Si kweli, ingawa adapta hiyo haina madhara.

Nguzo ya umeme ya kiwanja huwa na soketi za aina tatu. Ile ya kawaida ya ampea 20 hutoa wati 2,400. Ya ampea 30, yenye matundu matatu, hutoa volti 120 mara ampea 30, yaani wati 3,600. Ya ampea 50 ina matundu manne na nyaya mbili za moto. Kila moja hubeba ampea 50 kwa volti 120, jumla wati 12,000. Tofauti ya 30 na 50 si nyongeza ya thuluthi mbili kama majina yanavyodanganya. Ni zaidi ya mara tatu. Lakini RV yako ikiwa ya ampea 30, ndani yake kuna sakiti breka kuu ya ampea 30, na hiyo haijui wala haijali umechomeka wapi. Adapta inakusaidia katika jambo moja tu: breka ya soketi ya 30 kwenye nguzo ikiwa imechoka kwa miaka ya kuchomolewa ikiwa na moto, ya 50 pale pale huenda ni nzima.

Fanya hesabu. Kiyoyozi cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha joto) hula takribani ampea 13. Maikrowevu, 12 hadi 13. Hita ya maji ikiwekwa kwenye umeme huwa na koili ya wati 1,440, ampea 12. Birika la wati 1,500 ni ampea 12 na nusu. Chaji ya betri hula chache chinichini bila kelele. Vitu viwili vikubwa vinaingia. Cha tatu kinakata. Tena mzigo wa saa nyingi mfululizo haufai kuzidi asilimia 80, yaani ampea 24. Dawa ya bure ni kuihamishia hita ya maji kwenye gesi kiyoyozi kinapofanya kazi. Wengi wanaoandika kama wewe hawajui hata kwamba hita yao imewashwa kwa umeme, kwa sababu swichi yake imejificha kwenye hita yenyewe, nje ya RV. Ukiigusa, hakikisha kwanza tangi la hita lina maji: koili ikiwashwa kavu huungua ndani ya dakika chache.

Joto likizidi kuna tatizo la pili ambalo halihusu RV yako. Saa 10 jioni kila kiyoyozi cha kambi kimewashwa, nyaya za hifadhi ni za zamani, na volti inashuka. Chini ya volti 104 kompresa ya kiyoyozi inalazimika kuvuta ampea nyingi zaidi, inachemka, na hufa mapema. Mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya ndani itakuonyesha. Bora zaidi ni kifaa cha ulinzi kinachokaa kati ya nguzo na waya wako, kile kinachokata umeme volti ikishuka au ikipanda kupita kiasi, si kile cha bei ndogo kinachozuia radi peke yake. Ukipaswa kuchagua kifaa kimoja cha kununua mwaka huu, nunua hicho.

Utaratibu wa kuunganisha nao ni muhimu kuliko vifaa. Zima breka ya nguzo. Chomeka kifaa cha ulinzi kwenye nguzo, washa breka, kisha subiri taa zake zithibitishe kwamba nyaya ziko sawa na waya wa ardhi upo. Zima tena. Unganisha waya wa RV, vyote vya ndani vikiwa vimezimwa, halafu washa. Kuondoka ni kinyume chake. Anayechomoa plagi yenye mzigo huona cheche. Kila cheche hula shaba, shaba iliyoliwa haigusani vizuri, na isipogusana vizuri huchemka mpaka plastiki inakuwa ya kahawia. Plagi yenye doa la kahawia haisuguliwi kwa msasa. Hubadilishwa.

Ukigusa mlango au ngazi ya chuma ya RV ukahisi kama sisimizi mkononi, usipuuze. Waya wa ardhi umekatika mahali na mwili wa RV umebeba umeme. Watoto wasikaribie, breka ya nguzo izimwe, na aitwe mtu wa hifadhi.

Na kwa wanaotaka kuweka soketi ya RV nyumbani: mwambieni fundi kwa maandishi kwamba soketi ya RV ya ampea 30 ni ya volti 120. Fundi wa nyumba akiona matundu matatu makubwa hudhani ni ya mashine ya kukaushia nguo, anaweka volti 240, na ukichomeka unaaga chaji ya betri, maikrowevu na kila kilichowashwa kwa sekunde moja.

RV yangu inanuka, na kipimo kinasema tangi la choo limejaa hata baada ya kulimwaga. Huwa ninakaa kwenye viwanja vyenye bomba la maji taka, kwa hiyo valvu ninaiacha wazi muda wote ili yajimwage yenyewe.
*Msomaji wa kike, Columbus, Ohio*

Dada, umelitaja tatizo mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Valvu ya choo ikiachwa wazi, maji hutangulia kutoka na vigumu hubaki. Chini ya bomba la choo hujengeka kichuguu cha karatasi na kinyesi kinachokauka kama udongo wa mfinyanzi. Kipimo kinasema kweli kwa namna yake: sindano zake zimefunikwa.

Funga valvu leo. Jaza tangi maji kupitia choo mpaka karibu theluthi mbili, uache siku nzima au mbili, mwaga, rudia. Kama kuna safari, endesha likiwa limejaa nusu. Mtikisiko wa barabara husaidia kuliko dawa nyingi za dukani. Kisichotoka kwa hilo hufuatwa kwa fimbo ya kunyunyizia maji inayopitishwa chooni. Ushauri wa kumwaga mifuko ya barafu tangini umeenea sana, lakini barafu huyeyuka kabla ya kusugua chochote.

Kuanzia hapo, valvu ya choo hufunguliwa tangi likifika angalau theluthi mbili. Ya maji ya sinki na bafu inaweza kukaa wazi, ila uifunge siku moja kabla ya kuondoka ili upate maji ya kusuuzia. Hifadhi nyingi za majimbo hazina bomba la maji taka kwenye kila kiwanja. Zina kituo kimoja karibu na lango, na Jumapili asubuhi kuna foleni. Ukifika zamu yako:

Vaa glavu. Kabla ya kuondoa kifuniko, sukuma valvu zote mbili kuhakikisha zimefungwa, maana kifuniko ndicho kinachozuia kilichovuja. Funga mpira wa inchi 3 kwenye RV mpaka meno yashike, na ncha nyingine iingie kwenye shimo, iwekewe uzito. Weka kiungo cha plastiki angavu hapo kwenye RV. Bila hicho unakisia. Fungua choo kwanza, uvute valvu mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Kishindo kikigeuka kuwa kitiririko, funga, mimina maji chooni, fungua tena. Yakitoka maangavu, funga. Sasa fungua ya sinki: maji ya sabuni yataosha mpira wako. Ukianza na sinki, mpira utasafiri na uchafu wa choo. Ukimaliza, ondoa upande wa RV kwanza, uinue mpira ukielekea shimoni, ndipo uutoe. Bomba la maji lililo kituoni hapo ni la kusuuzia tu. Mpira wako wa maji ya kunywa usiliguse.

Kabla hujaondoka rudisha galoni 2 au 3 za maji kwenye tangi la choo pamoja na dawa. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na tangi kavu ndilo linaloanzisha kichuguu kipya. Chagua dawa ya vimeng'enya au bakteria. Zenye fomaldehaidi huua bakteria wanaoendesha mfumo wa maji taka wa hifadhi, na California imezipiga marufuku. Karatasi ya choo ipime nyumbani: vipande vinne ndani ya chupa ya maji, tikisa, zisipotawanyika usizitumie. Tishu zenye unyevu hazimwagwi tangini kamwe, pakiti iseme itakavyo.

Harufu yenyewe inaweza kuwa na chanzo kingine. Ukikanyaga pedali ya choo huku feni ya paani inavuta, feni inanyonya hewa kutoka tangini na kukuletea usoni. Zima feni kwanza. Pia mimina glasi ya maji kwenye kila sinki na bafu lisilotumika, maana mkunjo wa bomba ukikauka hewa ya tangi hupanda.

Kipunguza presha ya maji kifungwe kwenye RV au kwenye bomba la hifadhi?
*Msomaji, Tacoma, Washington*

Kwenye bomba, ili kiulinde na mpira wako pia. Weka PSI (pauni kwa inchi ya mraba) 40 hadi 60. Mabomba ya hifadhi yanaweza kupita hapo sana, hasa usiku wakati hakuna anayefungua maji, ndiyo maana viungo vya RV hupasuka watu wakiwa wamelala. Mpira uwe wa maji ya kunywa, mweupe au wa buluu; ule wa kijani wa bustani huyapa maji ladha na kemikali zake. Fungua koki uache maji yatoke sekunde chache kabla ya kuunganisha.

Trela yetu inacheza mkia tukipita maili 60 kwa saa. Muuzaji alisema gari letu la pikapu linaweza kuvuta pauni 9,000, na trela ni 6,000 tu.
*Mzee na mkewe, wasomaji wa Denver, Colorado*

Shikamooni. Uwezo wa kuvuta ndio namba inayouzia magari. Inayowahusu ninyi imeandikwa kwenye stika ndani ya fremu ya mlango wa dereva: jumla ya watu na mizigo isizidi pauni kadhaa. Tuseme ni 1,450. Watu wanne na mbwa, 600. Kiunganishi chenye vyuma vya kusawazisha uzito, 100. Zimebaki 750. Ulimi wa trela unapaswa kukandamiza gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, kwa hiyo trela ya pauni 6,000 inakandamiza kati ya 600 na 900. Pikapu imejaa, na jenereta bado haijapakiwa.

Ila kucheza mkia kwa kawaida husababishwa na kinyume chake, ulimi mwepesi mno. Baiskeli zimening'inizwa nyuma, sanduku la vifaa limewekwa chini ya kitanda cha nyuma, au tangi la maji lililo nyuma ya ekseli limejazwa. Galoni moja ya maji ina uzito wa pauni 8.3, tangi la galoni 40 ni zaidi ya pauni 330. Pakieni karibu asilimia 60 ya mizigo mbele ya ekseli, mwende na maji ya kutosha njia tu, mkajaze hifadhini. Kisha mpime: vituo vya malori vina mizani, na ulimi wenyewe hupimwa kwa kipimo kidogo cha ulimi. Kukisia kwa macho hakutoshi.

Trela ikianza kucheza, msikanyage breki za gari wala msipambane na usukani. Achieni mafuta, shikeni usukani wima, na mbonyeze kidogo kwa mkono kidhibiti cha breki za trela. Breki za trela huivuta inyooke. Za gari huisukuma zaidi.

Mtazame na matairi. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT, ulioandikwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi la trela huzeeka kwa kusimama, si kwa kutembea, na likifika miaka 5 au 6 libadilishwe hata kama meno yanang'aa. Mengi yana kikomo cha maili 65 kwa saa. Upepo ujazwe mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye stika ya trela, tairi likiwa baridi. Gurudumu likifunguliwa kwa sababu yoyote, nati zikazwe tena kwa toki-renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) baada ya maili 10, 25 na 50.

Friji inagandisha vizuri nyumbani, tukifika kambini siagi inayeyuka.
*Msomaji, Louisville, Kentucky*

Kama friji yako hutumia gesi na umeme, haina kompresa. Ndani yake amonia huchemshwa, hupanda kama mvuke, kisha hurudi chini kwa uzito wake peke yake. RV ikiinama, kimiminika hukwama kwenye mikunjo, moto unaendelea kuchemsha bomba tupu, na ikirudiwa mara nyingi bomba huziba kwa ndani. Hapo hakuna fundi wa kulizibua. Kikomo ni takribani nyuzi 3 kwa upande na 6 kwa mbele na nyuma. Barabarani haidhuriki kwa sababu mtikisiko hukirudisha kimiminika mahali pake. Friji mpya za volti 12 zenye kompresa hazina shida hii.

Sawazisha hivi. Trela ikiwa bado imeunganishwa na gari, weka pimamaji sakafuni, kushoto na kulia kwanza, ukipandisha magurudumu ya upande wa chini juu ya mbao. Kisha weka kabari pande zote mbili za magurudumu. Ndipo uachanishe na gari, na mbele na nyuma urekebishe kwa jeki ya ulimi. Anayeachanisha kabla ya kabari huikimbiza trela yake mteremkoni. Mwisho ni jeki nne za kona, ambazo kazi yake ni kuzuia mtikisiko. Ukizitumia kunyanyua utapinda fremu, na mlango utaanza kugoma kufunga. Washa friji siku moja kabla ya safari na upakie vitu vilivyokwisha kupoa.

Kiwanja chetu hakikuwa na umeme. Saa 9 usiku hita ilianza kupuliza hewa baridi. Gesi ilikuwapo.
*Msomaji, Sacramento, California*

Gesi huleta moto, lakini feni inayosukuma joto inakula betri: takribani ampea 7 inapozunguka. Usiku wa baridi huzunguka karibu nusu ya muda, kwa hiyo saa 10 za usiku ni ampea-saa 35. Ongeza ampea moja kwa ajili ya king'ora cha gesi na saketi za friji, unapata 45. Betri ya asidi ya ampea-saa 80 haifai kushushwa chini ya nusu, yaani una 40. Hesabu imekwisha saa 9. Volti ikishuka feni inapunguza kasi, ulimi mdogo unaopima upepo haufungi, na hita inakataa kuwasha moto kwa usalama wako. Ndiyo hewa baridi uliyoisikia.

Ongeza betri ya pili, au weka ya lithiamu ya ampea-saa 100 ambayo karibu yote inatumika, ukikumbuka kwamba ya lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi. Paneli ya jua ya wati 100 hurudisha takribani ampea-saa 30 siku ya jua kali. Jenereta kwenye hifadhi za California huruhusiwa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku tu, kwa hiyo chaji kabla ya giza. Gesi nayo ina hesabu yake: mtungi wa pauni 20 una karibu BTU 430,000, na hita ya BTU 30,000 huumaliza kwa saa 14 za moto mfululizo.

Usiwashe jiko kupasha chumba. Monoksidi ya kaboni haina harufu na waliolala hawaamki. Geuza king'ora chako usome tarehe ya mwisho nyuma yake. Hata kikilia ukibonyeza kitufe cha majaribio, kilichopita tarehe hakitegemewi.

Tuna kuni nyingi nyumbani. Kwa nini hifadhi inatulazimisha kununua zao?
*Msomaji, Indianapolis, Indiana*

Kwa sababu ya mdudu mmoja, mbawakawa wa kijani anayeua miti ya ashi. Aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 na tangu hapo ameua mamia ya mamilioni ya miti. Yeye haruki mbali. Kilichomvusha majimbo ni magari yenye kuni. Funza wake hukaa chini ya gome mwaka mmoja hadi miwili, kwa hiyo gogo linaloonekana safi laweza kuwa limejaa. Nunua ndani ya maili 10 za kambi ikiwezekana, isizidi 50, au chukua zile zenye muhuri wa kupitishwa kwenye joto. Zilizobaki zichome, usirudi nazo nyumbani.

Mwanangu alikutwa na kupe baada ya matembezi. Bibi yake anasema tumpake mafuta mgando aachie.
*Mama wa watoto watatu, Madison, Wisconsin*

Bibi asikasirike, lakini mafuta yasipakwe, wala kiberiti. Kupe aliyesumbuliwa anaweza kutema zaidi ndani ya ngozi. Tumia kibano chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta wima polepole bila kusokota. Osha kwa sabuni au spiriti.

Wisconsin iko katika ukanda wa kupe wa miguu myeusi anayebeba ugonjwa wa Lyme. Kwa kawaida lazima awe amenata zaidi ya saa 24 ndipo aambukize, na ndiyo maana ukaguzi wa kila jioni una maana: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Andika tarehe. Upele unaopanuka, au homa, ndani ya siku 3 hadi 30, mpeleke kwa daktari. Kama alikuwa amevimba kwa damu, piga simu mapema, maana dawa ya kinga hutolewa ndani ya saa 72.

Kwa matembezi yajayo, nguo na viatu vipuliziwe permethrini (dawa ya kuua wadudu) ya asilimia 0.5 na vikauke kabla ya kuvaliwa, haipakwi mwilini. Ngozi hupakwa DEET, dawa ya kufukuza wadudu. Mkirudi, nguo ziingie moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, moto mkali, dakika 10. Kufua peke yake hakuwaui.

Je, lazima leseni ya kuvua samaki ndani ya hifadhi ya jimbo?
*Msomaji, San Antonio, Texas*

Kwenu Texas, ukivua kutoka ukingoni au gatini ndani ya hifadhi ya jimbo, hapana. Ukiingia na mashua kwenye ziwa ambalo hifadhi haijalizunguka, ndiyo, isipokuwa walio chini ya miaka 17. Idadi na urefu wa samaki unaoruhusiwa kuchukua bado vinakuhusu, kwa hiyo beba rula. Minnesota ina msamaha unaofanana na huo kwa wakazi wake katika hifadhi zake nyingi. Ukivuka mpaka wa jimbo, uliza upya langoni.